Kila Nikipunguza Mchanga, Begi Linazidi Uzito

Nilipigwa teke na mtu ambaye hakuwepo.

Nasema kweli, na mie si mtu wa kusema uongo mbele za watu. Ilikuwa Ijumaa jioni, viwanja vya Mnazi Mmoja, sisi maveterani tunacheza mpira wetu wa vitambi. Nikapata pasi safi. Nikaliona goli. Nikakanyaga kwa vidole vya mguu wa kushoto ili nichomoke.

PA!

Teke zito, nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Teke la mtu mwenye roho mbaya na kinyongo cha miaka.

Nikaanguka. Nikageuka palepale chini kumtafuta Ame, beki wao, mtu anayejulikana mjini kote kwamba hukaba miguu na kuuacha mpira.

"Ame! Mshenzi weye! Umenivunja!"

Ame alikuwa kule kwenye goli lao, hatua kama ishirini kutoka nilipo, ameinama anafunga kamba za viatu.

"Mie?" akasema. "Yakhe, mie nipo huku!"

Refa akaapa hakuna mtu aliyenisogelea. Kipa akaapa. Hata muuza juisi ya miwa nje ya uwanja akaapa, na yeye hakuna aliyemuuliza.

Nikataka kusimama nimfuate Ame hivyo hivyo. Mguu ukakataa. Kisigino kipo, nakiona, lakini nikikanyaga hakuna kinachosukuma.

Hospitali daktari akaniminya shavu la mguu mara moja tu, akatikisa kichwa.

"Mshipa wa kisigino umekatika," akasema. "Ule mnene unaoshuka nyuma. Ulihisi umepigwa teke?"

"Nimepigwa teke, daktari!"

"Wote husema hivyo. Mwezi uliopita nilikuwa na bwana mmoja alishamzaba kofi shemeji yake."

Nikampigia Ame simu kumtaka radhi. Akanisamehe, lakini akasema lile neno "mshenzi" ameliweka akiba.

Mama yangu, Bi Mwanapili, hakutaka habari za mshipa. "Magaribi inaingia, mtu na kitambi chake anakimbia uwanjani," akasema. "Unadhani pale mnacheza peke yenu, majini hayapo?"

Sasa ngoja nikwambie kwa nini mguu huu ulikuwa roho yangu.

Mimi, Amour, ni fundi wa halua. Miaka kumi na minne nimesonga halua kwa Mzee Mabrouk, kwenye kiwanda chake kidogo nyuma ya maduka ya Mlandege. Sufuria ya shaba unaweza kumuogeshea mtoto wa miaka saba, na mwiko wake ni mrefu kunipita mimi. Sukari, wanga, samli, hiliki, zafarani, kuni chini. Unaanza kukoroga, na huachii mpaka iive. Saa mbili, saa tatu. Ukisita kidogo tu inashika chini, inaungua, sufuria nzima unaitupa.

Watu hudhani halua husongwa kwa mikono. Waongo. Halua husongwa kwa vidole vya miguu. Ikishakuwa nzito unausukuma mwiko kwa mwili mzima, na mwili mzima unasukumwa na kisigino kinachonyanyuka. Mikono ni ya kushikilia tu.

Mzee Mabrouk alikuja kunitazama siku ya tano baada ya mshipa kushonwa. Ameleta kikapu kilichosukwa kwa ukili kimejaa halua, na ndani ya mdomo ameleta maneno.

"Pona, mwanangu. Mwiko wako nimempa Yussuf kwa muda."

Yussuf ni kijana wa miaka ishirini na minne. Mabega yake yanaingia mlangoni kwa zamu.

"Kwa muda gani, mzee?"

"Mpaka vunja jungu. Ile wiki kabla ya Ramadhani utakuja unisongee sufuria moja nzima, peke yako, mbele ya macho yangu. Ukiiweza, halua ya Sikukuu ni yako. Ukishindwa, ntakuweka kwenye vikapu. Sitokufukuza, we mwanangu."

Kwenye vikapu! Kule wanakaa wajukuu zake wawili na paka, wanafunga halua na kugombana. Mimi, fundi wa miaka kumi na minne, nikagombane na paka.

Nikasema inshallah.

Basi nikaanza kuugua kwa namna ya kwetu.

Unajua mgonjwa wa mjini anavyouguzwa. Asubuhi uji. Saa nne supu ya kongoro. Mchana wali laini, jioni uji tena. Wageni wanapanda ngazi zetu zile za mbao zilizosimama wima, wanafika ghorofa ya pili wanahema kuliko mimi, na wote wana neno moja: "Kaa, kaa, usiinuke!"

Nikitaka maji, mama kashaleta. Nikitaka rimoti, mke wangu Shemsa kashabadilisha chaneli. Nikikuna shingo, mtu anauliza kama nataka kukunwa. Wallahi nilistarehe. Nilianza kuelewa kwa nini masultani walikuwa wanene.

Baada ya wiki tisa wakanivua kile kiatu kirefu cha plastiki walichonifunga hospitali. Nikautazama mguu wangu wa kushoto, nikauuliza wa kulia kama wanajuana.

Shavu la mguu halipo! Limebaki jiti kama mpini wa jembe. Mama akafunika uso kwa ncha ya kanga akalia.

"Sasa utaanza mazoezi," daktari akasema, akaniandikia jina la Zeyana.

Zeyana ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilitegemea jitu. Nikakutana na msichana mwembamba, kimo chake kinafika kifuani kwangu, amevaa hijabu ya buluu na raba nyeupe. Sauti ya upole kama anakuuliza unataka chai au kahawa.

"Bwana Amour, simama kwa mguu wa kushoto peke yake. Nyanyua kisigino."

"Hakinyanyuki."

"Umejaribu?"

"Nimekitazama. Hakitaki."

Akanitazama na yeye. Nikajaribu. Nilikaza uso, nikakaza shingo, nikakaza mpaka masikio. Kisigino hakikutoka chini hata unene wa kadi ya simu.

"Dada," nikamwambia, "mshipa huu ulikatika. Unataka ukatike tena?"

"Mshipa ulishonwa na ushaunga. Sasa umelala. Mshipa hausikii maneno mazuri, unasikia mzigo. Ukiubembeleza utabaki dhaifu, siku ukikanyaga kwa nguvu ndiyo utaumia kweli."

"Na nikiumia hapa kwa mazoezi?"

"Ntakuuliza maumivu ni ngapi kati ya kumi. Yakiwa matatu, manne, tunaendelea. Asubuhi yake ukiamka yameondoka, tunaongeza."

"Sasa hivi ni kumi na nne."

"Tumeanza vizuri," akasema, akaandika.

Sitasimulia wiki za mwanzo. Nilinyanyua visigino viwili nikiwa nimeshikilia meza. Kisha bila meza. Kisha kimoja na nusu. Siku kisigino cha kushoto kiliponyanyuka peke yake, mara moja, nilipiga kelele hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani tumefunga goli.

Nikafikiri tumemaliza. Kumbe ndiyo tumeingia.

"Sasa tutaweka mzigo," Zeyana akasema. "Tafuta begi la mgongoni. Tia mchanga kilo tatu. Simama kwenye ngazi ya chini kwa ncha ya mguu, shusha kisigino polepole, nyanyua. Mara kumi na tano, raundi tatu. Kila wiki ongeza kilo moja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sufuria yako ione aibu."

Begi lililopatikana ni la skuli la binti yetu Yusra, lile la zamani. Rangi ya waridi, mbele kuna paka amevaa taji. Mchanga tukaomba kwa jirani anayekarabati nyumba. Shemsa, kwa kuwa hupika keki za kuuza na ana mizani, akapewa kazi ya kuongeza kilo moja kila Ijumaa. Zeyana alisema wazi asipewe mgonjwa mwenyewe. Nilichukia, lakini nisingeweza kusema kwa nini.

Ukawa mchezo wa mtaa. Mimi nipo chini kwenye ngazi, begi la paka mgongoni, nahesabu kwa sauti. Wapita njia wanachungulia mlangoni, "Kumi na moja hiyo, Amour, usiibe!" Na juu mama yangu analia kwa sauti ya kusikika mpaka Mkunazini.

"Wanamuua mwanangu! Maskini, mguu wenyewe kijiti! Muacheni apumzike jamani!"

Nilimpenda mama siku zile. Nilijiambia, angalau kuna mtu mmoja ulimwenguni mwenye huruma.

Kilo nne, tano, sita. Nikavumilia. Ilipofika nane, nikavunjika moyo. Mguu unatetemeka, jasho linaingia machoni. Nikapata akili. Akili mbovu, lakini siku ile niliiona akili.

Mchana baada ya adhuhuri mama hulala. Shemsa anapeleka keki. Nikafungua begi, nikaingiza kikombe cha kahawa, nikachota mchanga vikombe viwili haraka haraka, macho yapo mlangoni. Nikaenda roshani ambako mama ana vyungu vyake vya asmini, nikaumwaga mle. Nikasawazisha kwa kidole, nikanawa.

Safi. Kesho yake vikombe viwili. Kesho kutwa viwili. Shemsa anaongeza kilo moja Ijumaa, mimi natoa zaidi ya hapo mpaka Ijumaa nyingine. Hesabu rahisi kabisa. Begi litapungua, mtaa utaniona shujaa, na mwisho mwema.

Wiki ya kwanza sikuona tofauti.

Wiki ya pili begi likawa zito zaidi.

Nikadhani nimechoka. Nikaongeza juhudi, vikombe vitatu. Wiki ya tatu nikilivaa linanivuta nyuma kama mtu anayenidai. Natoa mchanga, uzito unazidi! Natoa tena, unazidi tena!

Hapo nikakumbuka lile teke lisilo na mwenyewe, nikaanza kupata baridi.

Nikalisomea begi. Nikakaa nalo chumbani, mlango nimefunga, nikalisomea Ayatul Kursi mara saba na yule paka ananitazama na taji lake. Kesho yake likawa vilevile.

"Mama," nikasema mwisho, "begi hili lina kitu."

Mama akaacha kuchambua mchele. "Kitu gani, baba?"

"Linazidi uzito lenyewe."

"Astaghfirullah," akasema taratibu. "Lisomee."

"Nshalisomea."

"Basi lisomee tena." Akaendelea na mchele wake.

Nikamgeukia Shemsa. Yeye ndiye mwenye mizani, na ni mwanamke asiyejua masihara. Nikamngojea Ijumaa.

"Shemsa, niambie kweli. Unaongeza kilo moja tu?"

"Moja. Kwani vipi?"

"Linaniwia zito."

"Ndiyo lilivyotakiwa." Akanikazia macho. "Kwani weye ulitarajia nini? Kuna kilichopungua humo?"

Nimshitaki vipi mtu kwamba anaongeza, bila kukiri kwamba napunguza? Nikasema chai yake leo tamu sana, nikatoka.

Kitu kingine kilikuwepo, na kama ningekuwa na nusu ya akili ningekiona. Vyungu vya asmini havikujaa. Miezi miwili namwaga mchanga mle na vyungu vipo vilevile. Nikamshukuru Mungu kwa mvua za vuli, nikidhani zinauteremsha.

Jini ukilisomea sana na halitoki, unaanza kufikiri mengine. Wiki ya kumi na tano tangu nilivae begi, siku chache kabla ya vunja jungu, nilikaa chini nikapiga hesabu kwa utulivu. Zilizoongezwa hizi. Nilizotoa hizi. Kwa hesabu yangu, mle begini zimebaki kilo mbili. Labda mbili na paka.

Na kilo mbili hizo zinanitetemesha mguu! Zinanitoa jasho! Raundi ya tatu naimaliza nikiwa nimeuma meno.

Jamani, niliogopa. Si jini tena. Niliona jambo baya zaidi, kwamba mguu wangu unazidi kudhoofika. Kwamba kadiri siku zinavyokwenda hata mzigo wa mtoto siuwezi. Zeyana ananipongeza kule kliniki, kumbe anampongeza mwizi. Nilikaa pale ngazini nikalia, na safari hii sikupiga kelele.

Asubuhi ya Alkhamisi, siku mbili kabla ya mtihani wa mwiko, nikaamua. Nitakwenda kwa Mzee Mabrouk nimwambie asisumbuke na mtihani, anipe vikapu. Kisha nitakwenda kwa Zeyana na begi langu mgongoni, nimuoneshe kwa macho yake: kilo mbili hizi, na mimi nakufa.

Nikashuka ngazi, nikakata vichochoro, nikavuka barabara ya Darajani, nikafika Mlandege jasho linanitoka.

Yussuf alikuwa anachochea kuni. Sufuria iko motoni, sukari ndiyo kwanza inayeyuka. Mzee Mabrouk amekaa kwenye kigoda karibu na mizani kubwa ya kupimia sukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Amour. Mbona unahema? Umebeba nini?"

"Mchanga. Kilo mbili tu." Nikakaza mikanda ya begi. "Mzee, mie nimekuja kuvitaka vikapu."

Yussuf ana adabu, hilo simnyimi. Akaja kunipokea begi. Akalishika kwa mkono mmoja, kwa vidole viwili, kama unavyopokea kitu cha kilo mbili.

Begi likamvuta mpaka chini. Yussuf na mabega yake akapepesuka, akagonga kopo la samli, akabaki amekumbatia paka mwenye taji.

"Kilo mbili za wapi hizi?" akapiga kelele.

Akalinyanyua kwa mikono yote miwili, akalibwaga kwenye mizani. Mzee Mabrouk akainama, akafuta miwani, akainama tena.

"Kumi na nane," akasema.

"Haiwezekani!"

"Mwanangu, mizani hii nimepimia sukari tangu hujaoa. Kumi na nane."

"Haiwezekani, mzee, nimetoa vikombe zaidi ya mia!"

Nikaziba mdomo, lakini neno lishatoka. Ikabidi niseme yote. Kikombe cha kahawa, asmini, Ayatul Kursi. Mzee Mabrouk alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akaiokota, akaangusha miwani. Yussuf alikaa kabisa chini. Na mimi nikaangukia juu ya gunia la sukari nacheka na kulia pamoja, maana ndiyo kwanza linaniingia kichwani.

Kilo kumi na nane! Miezi yote ile nimejidharau, kumbe nabeba mzigo kamili. Ule mtetemeko, lile jasho, lilikuwa la mtu anayepata nguvu.

Mzee Mabrouk akafuta machozi. Uso ukarudi kuwa wa tajiri wa kazi.

"Umetoka nyumbani kwako na kilo kumi na nane mgongoni. Umeshuka zile ngazi zenu, mie mwenyewe nazikumbuka kwa magoti. Umekuja hapa kwa miguu. Kisha unanambia unataka vikapu. Yussuf, mpe mwiko."

"Leo?" nikaruka. "Si tulisema Jumamosi!"

"Sufuria iko motoni leo. Shika."

Nikashika.

Saa ya kwanza ni mchezo, hata wewe ungeiweza. Wanga umetiwa, unakoroga maji mazito, unapiga porojo. Saa ya pili samli inaingia, halua inashika. Mwiko unaanza kukataa. Hapo ndipo unaposimama kwa vidole, kisigino juu, unasukuma, kisigino chini, unavuta. Juu, chini. Juu, chini.

Nikasikia mguu wa kushoto umeanza kuwaka.

"Amour, umepauka," Yussuf akasema.

Nikajiuliza kwa sauti ya Zeyana: ngapi kati ya kumi? Nikausikiliza mguu kwa haki, bila kuongeza chumvi. Tatu. Labda nne.

"Niache," nikamwambia Yussuf. "Nne hii."

"Nne nini?"

"Niache tu!"

Nilihesabu kumi na tano, nikaanza upya. Kumi na tano, upya. Halua ikawa inang'aa, inaachana na sufuria, harufu ya hiliki imejaa mpaka uchochoroni na watu wanachungulia mlangoni wakidhani kuna harusi. Kisigino kikawa kinanyanyuka chenyewe. Sikukiomba. Niliimba, na mimi sauti yangu ni ya kufukuzia kuku. Niliona raha ambayo sijawahi kuiona tangu siku ya ndoa yangu, na Shemsa anisamehe kwa hilo.

Mzee Mabrouk akachota kidogo kwa kijiko, akaiacha ipoe, akaibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikatoka kikavu.

"Yussuf," akasema, "kuanzia leo we ni msaidizi wa Amour. Sikukuu hii mtapika sufuria mbili kwa siku."

Yussuf akanipiga bega. Uzuri wake hana husda, na kwa kweli mgongo ulikuwa unamuuma.

Nikarudi nyumbani mbio. Nasema mbio. Kikapu cha halua ya moto mkononi, begi la paka mgongoni kwa ujeuri tu. Ngazi nilizipanda mbili mbili.

Shemsa akafungua mlango.

"Nimekugundua!" nikasema. "Ni weye unayeongeza mchanga!"

"Mchanga gani? Kilo moja kila Ijumaa, basi. Amour, una homa?"

Uso wake ulikuwa mkavu. Shemsa hajui kuigiza, hata mshangao wa zawadi humshinda. Kama si yeye, nani?

Nikasikia kitu kinakwaruza roshani.

Nikaenda polepole. Mama yangu, Bi Mwanapili, alikuwa amechuchumaa mbele ya asmini zake, mgongo kwangu. Kanga kaifunga kiunoni. Mkononi ana kikombe cha kahawa, kile kile changu, na pembeni ana mfuko wa plastiki. Anachota mchanga chunguni, anamimina mfukoni, ananung'unika.

"Begi lenyewe kaliweka wapi leo. Kutwa nalitafuta."

"Mama!"

Hakushituka hata kidogo. Akageuza kichwa, akaliona mgongoni kwangu. "A, hilo hapo. Livue."

"Mama, ni weye? Ulikuwa unaniongezea mzigo?"

"Sikuongeza hata chembe!" Akasimama, mkono kiunoni. "Unatoa viwili, narudisha viwili. Siku ile ukatoa vitatu, nkarudisha vitatu. Asmini zangu umezifanya jangwa, ulidhani sitoona? Nkampigia simu yule mtoto Zeyana, nkamuuliza nkirudisha ntamdhuru? Akasema rudisha, bibi, na usimwambie."

"Na kule kulia? Wanamuua mwanangu, muacheni apumzike?"

"Nlikuwa nalia kweli! Kwani mtu hawezi kulia huku anachota mchanga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye ukingo wa roshani, akafuta mikono yake kwenye kanga, akatazama chini uchochoroni.

"Baba yako alianguka kwenye ngazi zetu hizi," akasema. "Unakumbuka?"

Nilikuwa na miaka tisa. Namkumbuka baba kitandani. Siku zote nilijua tu kwamba aliumwa.

"Nyonga ilivunjika, wakaitengeneza, ikaunga. Daktari kanambia mtembeze, hata akilia mtembeze. Mie nkamuona anavyokunja uso, nkashindwa. Nkamwambia kaa, Mzee wangu, kaa, nipo. Maji nampelekea. Chakula namlisha. Mtaa mzima ukanisifu, Mwanapili anajua kuuguza. Akakaa. Miguu ikaisha. Kifua kikaja, akafa." Akakung'uta mchanga kwenye kanga. "Amekufa nyonga imepona, Amour. Nlimuosha mwenyewe miguu yake. Imenyooka, haina kitu."

Nikakaa karibu naye, nikamkumbatia. Alikuwa ananuka asmini na mchanga. Mama yangu alikuwa na huruma tangu mwanzo, ila safari hii aliipitisha njia ngumu, akakubali kuonekana kibibi kinacholia ili mimi nisijue nani wa kugombana naye.

Halafu akafungua kikapu, akamega halua, akaitia mdomoni. Akatafuna macho kayafunga.

"Wewe umeisonga hii?"

"Peke yangu. Sufuria nzima."

"Sukari imezidi kidogo," akasema, akamega tena. Kisha tena.

Halua ya Sikukuu nimeisonga mimi, na Yussuf, sufuria mbili kwa siku, na mguu wangu wa kushoto sasa una shavu la kuonesha wageni. Zeyana alipelekewa kikapu kikubwa kuliko vyote. Ame pia nilimpelekea kimoja, akakipokea, kisha akaniita mshenzi mbele ya watu, tukawa tumemalizana.

Nawaambia nyinyi mnaosoma, maana najua wengi mna mgonjwa nyumbani. Mtazameni. Mpendeni. Msimtwishe kwa kubahatisha, ulizeni mtaalamu kipimo chake. Lakini daktari akishasema mfupa umeunga na mshipa umeshika, msimwambie tena akae.

Mpelekee uji wake asubuhi, uwe wa moto, uwe na sukari na hiliki. Mwekee mezani. Na meza yenyewe iwe mbali kidogo na kitanda.